Kwa unayeanza kazi ya usimamizi wa bima: jiandae na siku madai yote yatakapokuja pamoja

Karibu Dodoma, mdogo wangu. Umepangiwa bima za kawaida, yaani mali, magari, ajali na dhima (madhara ambayo mtu amemsababishia mwingine), na wiki za kwanza utakabidhiwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 pamoja na taarifa za robo mwaka za kampuni utakazozisimamia. Soma vyote kwa makini. Ila kuna jambo moja ambalo taarifa hizo hazilioneshi upesi, nami ningependa ulijue mapema: hasara za kila siku huja moja moja, hasara za janga huja zote kwa mkupuo.

Gari likigongwa Chang'ombe leo, nyumba ya Ipagala haiungui kesho kwa sababu hiyo. Ndiyo maana kampuni huweza kukusanya ada kwa wengi, ikalipa wachache na bado ikasimama. Tetemeko la ardhi halina utaratibu huo, na sisi tunaishi kwenye eneo la matetemeko. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa linapita Kondoa na Bahi. Kagera tulishuhudia Septemba 10, 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliposhusha nyumba kwa maelfu na kuua watu wasiopungua 17. Nyumba nyingi kati ya hizo hazikuwa na bima yoyote, kwa hiyo kampuni za bima hazikutikiswa sana na mzigo ukabaki kwa familia, serikali na wachangiaji. Usilichukue hilo kama ushahidi kwamba soko letu ni imara.

Tazama kilichotokea hapa tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka huohuo wa 2016. Majengo ya serikali kule Mtumba, hoteli, matawi ya benki, maghala na nyumba za mkopo zimeota ndani ya mji mmoja, na nyingi zina bima kwa sababu benki hazikopeshi bila hiyo. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa kila kampuni liwe hili: mna thamani kiasi gani iliyokatiwa bima ndani ya kilomita ishirini kutoka katikati ya Dodoma?

Wengi hawatakujibu, na sababu utaikuta kwenye orodha zao. Kampuni moja ilileta orodha ya majengo ambayo safu ya anwani ilijaa namba za sanduku la posta tu. S.L.P. ni mahali pa kupokelea barua, jengo liko kwingine kabisa. Mwenye jengo la Kondoa anaweza kuwa na sanduku lake Dodoma mjini. Tangu kazi ya anwani za makazi ifanyike nchini mwaka 2022, hakuna udhuru tena. Dai jina la mtaa, namba ya nyumba na postikodi, na kwa majengo makubwa dai vipimo vya GPS. Rudisha orodha isiyo navyo, hata wakikunungunikia.

Ukishajua mali zilipo, fungua mikataba ya bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima yenyewe huikata kwa kampuni nyingine. Hapa ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi, maana kampuni zetu hazibebi janga kubwa peke yake. Hugawana na TAN-RE, Africa Re, ZEP-RE na wengine walioko nje ya nchi. Kijana mgeni huona jina kubwa kwenye ukurasa wa kwanza akaridhika. Endelea kusoma hadi uone kampuni inabakiza hasara kiasi gani ya kulipa kutoka mfukoni mwake, kinga inaishia wapi, na kinga hiyo inarudi vipi ikishatumika.

Chukua mfano wa kampuni inayobakiza shilingi milioni 500 kwa kila janga, na wenzake wa bima mtawanyo wanabeba bilioni 5 zinazofuata. Tetemeko linaleta madai ya bilioni 4. Kampuni inalipa milioni 500, bilioni 3.5 zinatoka kwa wenzake, kila mtu anapumua. Baada ya miezi mitano ardhi inatikisika tena na madai ni bilioni 4 nyingine. Kama mkataba haukuwa na kipengele cha kurejesha kinga, kilichobaki ni bilioni 1.5 tu. Kampuni italazimika kutafuta bilioni 2.5 zake yenyewe. Je, mtaji wake unaweza? Hesabu hiyo ifanye wewe mwenyewe, usingoje ripoti yao.

Jambo hili limewahi kutokea. Mji wa Christchurch, New Zealand, ulipigwa na tetemeko Septemba 4, 2010, kisha jingine likaja Februari 22, 2011 na kuua watu 185. Kampuni ya AMI, iliyokuwa imejikita sana mjini humo, ilijikuta kinga yake haitoshi, na mwezi Aprili serikali ikabidi iiwekee dhamana ya hadi dola za nchi hiyo milioni 500. Na huko wana mfumo wa kitaifa wa bima ya matetemeko tangu miaka ya 1940. Sisi hatuna.

Angalia pia saa. Mikataba mingi ya bima mtawanyo huhesabu mitetemo yote ya ndani ya saa 72 kuwa tukio moja, na mafuriko mara nyingi hupewa saa 168. Mafuriko ya Kilosa na Mpwapwa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyong'oa reli ya kati, hayakuisha kwa siku moja. Ukiligawa janga kama lile kuwa matukio mawili, kampuni inabeba sehemu yake ya hasara mara mbili.

Rudi sasa kwa mwananchi. Mtu atakwambia ana bima ya nyumba, naye anaamini hivyo kwa moyo wote. Fungua hati yake ya bima. Huenda inataja moto na radi tu, na mafuriko na tetemeko vilihitaji kuongezwa kwa ada ya ziada ambayo hakuna aliyemweleza. Au thamani imebaki ile ya mwaka alipochukua mkopo. Nyumba ya milioni 100 iliyokatiwa bima ya milioni 60, ikipata hasara ya milioni 40, italipwa milioni 24, kwa sababu mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amejibebea sehemu iliyobaki. Nimewaona watu wakilia wakisikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza siku ya madai. Una mamlaka ya kudai kwamba maneno hayo yawe ukurasa wa mbele, kwa Kiswahili ambacho mkulima wa zabibu wa Hombolo anakielewa. Yatumie.

Masoko yanahitaji jicho lako pia. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, bima ya masoko ya umma na majengo ya biashara ni ya lazima. Ni hatua nzuri, hasa baada ya soko la Kariakoo kuungua Julai 10, 2021. Lakini bima ya jengo hulipa jengo. Machinga mwenye mzigo wa mitumba ndani hapati kitu asipokuwa na bima yake. Nenda Majengo au soko la Job Ndugai, waulize wafanyabiashara wanadhani wamekingwa na nini.

Kuhusu ukame sitasema mengi, ingawa ndilo janga letu kongwe hapa kati. Bima za kilimo zinazolipa kwa kipimo cha mvua zinasaidia, mradi ujue kwamba kipimo kinaweza kuonesha mvua imenyesha na mtama wa Chamwino ukawa umekauka. Malalamiko hayo yasikilize shambani.

Mwisho, usisubiri janga ndipo utafute namba za simu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Jitambulishe kwa kamati ya mkoa na za wilaya, zijue ofisi za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambazo ziko hapahapa mjini. Kubaliana na kampuni mapema namna wakadiria hasara watakavyopelekwa, na kwamba familia iliyobaki bila paa italipwa malipo ya awali kabla tathmini kamili haijakamilika. Mvua zetu huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatoa utabiri wa msimu, kaa na kampuni zenye mali nyingi Mpwapwa, Bahi na mabondeni mwa jiji, uwaombe wakuoneshe barua kutoka kwa wenzao wa bima mtawanyo kwamba ada ya mwaka huu imeshalipwa.