Mwanangu analewa bahari

Swali: Asalaam alaykum shangazi, mwanangu ana miaka 4, kila tukipanda boti kwenda Mkoani, Pemba, tukifika Nungwi kaskazini mwa Unguja tu anatapika mpaka analegea, nifanyeje?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu, pole sana. Sikio la ndani linahisi boti inayumba lakini macho yanaona kiti kimetulia, ubongo unachanganyikiwa ndo kichefuchefu kinaanza, kwa hiyo simu usimpe kabisa! Mkalishe katikati ya boti pembeni ya dirisha, aangalie mbali kule bahari inapokutana na mbingu. Kabla ya safari ale kidogo, sio tumbo tupu wala chapati za mafuta. Akitapika mpe maji kidogo kidogo. Dawa ya mkubwa usimkatie, muulize daktari kwanza. Kwa wengi wakishapita miaka 12 hali hii hupungua.