Nani atakuandikia barua?

Mwanangu,

Kamwene. Barua yako nimemsomea mama yako kwa sauti, naye anakusalimu. Unauliza uchukue lipi kati ya muhula mmoja wa masomo Ulaya kwa ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, na mafunzo kwa vitendo katika makumbusho ya Iringa Boma, hapa nyumbani, kwa kuwa tarehe zake zimegongana. Kabla sijafika huko, nami nikuulize: katika idara yenu, ni mhadhiri gani aliyewahi kusimama mbele ya kazi yako akaitazama mpaka akaona kitu ambacho wewe mwenyewe ulikuwa hujakiona?

Bodi ya Mikopo inaweza kukukopesha ada, fedha za chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo na hata fedha za mafunzo kwa vitendo, nawe ukiajiriwa utarejesha kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Lakini Bodi haikai na wewe mbele ya picha. Nilikwambia ukiwa sekondari na ninarudia: msaada mkubwa kwa mwanafunzi wa sanaa ni mtu mmoja anayeijua kazi yake, kwa sababu ndiye atakayeandika barua ya mapendekezo.

Ile habari ya barua yangu unaijua nusu tu, maana shangazi yako huisimulia kama kichekesho. Nilikuwa mwalimu kijana, nikifundisha kuchora, tangazo la kozi ya ng'ambo likabandikwa kwenye ubao wa ofisi. Nilikusanya michoro yangu, nikaifunga kwa kamba ya katani, kisha nikamwomba mkuu wangu barua. Hakuwahi kuingia darasani kwangu. Aliandika mistari mitatu kwa taipureta: kwamba nina tabia njema, nawahi kazini, na sidaiwi katika duka la ushirika. Muhuri wa zambarau ukapigwa juu ya jina langu hata likasomeka kwa shida. Nakala ya kaboni ninayo mpaka leo. Nafasi sikuipata, na huenda nisingeipata hata kwa barua nzuri, maana walioomba walikuwa wengi; hilo silikatai. Kinachonichoma ni lile duka la ushirika.

Sasa pima nafasi zako kwa kipimo hicho. Pale Boma, katika jengo ambalo Wajerumani walilijenga liwe hospitali, ukipewa kazi ya kuandika kumbukumbu za vifaa, utalazimika kueleza kila kimoja kimetengenezwa kwa kitu gani, kina ufa wapi na kimetoka kwa nani, huku msimamizi akikuona wiki hadi wiki. Mtu wa namna hiyo atakuwa na la kuandika. Ulaya hutalipa ada kwa chuo kinachokupokea, utapata posho ya kujikimu, na utasimama mbele ya picha ambazo mpaka sasa umeziona kwenye slaidi tu. Ila utakuwa mgeni wa muhula mmoja.

Nikishasema hivyo, najipinga mwenyewe. Mchoraji Sam Ntiro alitoka Kilimanjaro akasoma Makerere, katika shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell mwaka 1937, kisha akaenda shule ya sanaa ya Slade, London, na baada ya hapo aliendelea kuchora migomba na watu wa Uchagani. Safari haikumpoteza. Lakini hata yeye, kabla ya London, alikuwa na mwalimu aliyeijua kazi yake. Unaona, narudi palepale.

Tena wewe jicho unalo. Siku ile tulipokwenda Igeleke, kwenye michoro ya kale ya mwambani hapa Iringa, ukiwa bado darasa la nne, wenzako walikimbilia kupanda mawe, wewe ukabaki chini ya mwamba ukiangalia ile michoro ya ngeu, ule udongo mwekundu. Ukaniuliza kama mchoraji alipachagua pale kwa kuwa mvua haifiki, au alichora kila mahali na mvua ikafuta kwingine. Sikuwa na jibu, na furaha niliyoipata kwa kukosa jibu sijaipata tena darasani. Je, huyo mhadhiri wako amewahi kukusikia ukiuliza swali kama lile?

Ukiamua kwenda, usipande ndege kabla makubaliano ya masomo hayajasainiwa na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea, kila kozi ikiwa imetajwa, usije ukarudi na alama zisizotambuliwa. Suala la mkopo wako wa muhula huo liulize kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Ukiamua kubaki, omba msimamizi ajulikane kwa jina tangu mwanzo.

Kuhusu lipi ni bora, najizuia. Mama yako anasema najizuia vibaya, kwamba kila aya inanong'ona Boma. Huenda ni kweli, na huenda ni kwa sababu tu chumba chako kipo tayari. Wewe nenda ofisini kwa huyo mhadhiri na michoro yako kabla ya Ijumaa, kisha unipigie unieleze aliangalia nini kwanza.

Baba yako