Mteja wa Kibaigwa hatawauliza mlianza lini

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuuza vipande (yaani sehemu ndogo za umiliki) vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja hapa Dodoma, iwe mmetoka UDOM au Chuo cha Mipango, kuna swali mtakutana nalo mapema. Mstaafu aliyepokea kiinua mgongo juzi, au mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa, atawasikiliza hadi mwisho, kisha aseme: "Sasa nyie na DECI mna tofauti gani?" Msikasirike. DECI, ule mpango wa upatu, ilisambaratika 2009, na watu waliopanda mbegu zao kule wakakosa mavuno bado tunaishi nao mitaani.

Wageni wengi wa kazi hujibu kwa umri wa kampuni. Hilo ni jibu jepesi mno, maana umri unaonyesha tu kwamba kampuni haijafa. Someni historia za kampuni kongwe za kazi hii, ila ruka vipeperushi vyenye picha za waasisi, utafute miaka ambayo mambo yaliwaendea kombo au mpango wa kwanza haukutosha tena.

Mimi hupenda kuwaanzishia wageni na Baillie Gifford ya Edinburgh, Uskoti. Ilianza kama ofisi ya wanasheria, na kufikia 1908 ilikuwa imegeukia kusimamia fedha za watu. Mwaka huohuo magari ya Ford Model T yakaanza kutoka kiwandani Marekani, na gari halitembei bila matairi. Wakulima wa mpira kule Malaya walihitaji mtaji, lakini mtikisiko wa fedha wa 1907 ulikuwa umefanya mikopo iwe adimu. Basi 1909 wale wanasheria wakaunda kampuni ya kukusanya fedha za wawekezaji na kuwakopesha wakulima hao, wakaiita Straits Mortgage and Trust.

Hadi hapo ni hadithi ya watu walioona fursa, na hadithi za namna hiyo ni nyingi. Kinachonivutia mimi ni kilichofuata. Hawakung'ang'ania mpira. Kufikia 1913 kampuni ile ilikuwa na jina jingine, Scottish Mortgage, na fedha zake zikaanza kutawanywa kwenye nchi na biashara mbalimbali. Ipo hadi leo, chini ya usimamizi uleule wa Baillie Gifford. Tena msiifanye malaika: 2022 bei ya hisa zake iliporomoka vibaya pamoja na kampuni za teknolojia ilizokuwa imewekeza. Hilo nalo mwambieni mteja. Jambo jingine la kuangalia ni umiliki. Baillie Gifford inamilikiwa na wabia wanaofanya kazi humohumo ndani, hivyo maamuzi mabaya yanawagusa mifukoni.

Mkitaka kinyume chake, hamna haja ya kuvuka bahari. Kibaigwa ipo Wilaya ya Kongwa, na Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha mradi wa karanga 1947. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Udongo ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, mvua haina uhakika, matrekta yakaharibika, na bado fedha za walipa kodi wa Uingereza ziliendelea kumiminwa. Mradi ulifutwa 1951, hasara ikiwa takribani pauni milioni 36. Mgogo yeyote aliyelima pale angewaambia habari za mvua bila kuwatoza hata senti. Wazee wa kule wanaijua habari hii kuliko ninyi, kwa hiyo itumieni kwa adabu.

Sasa rudini nyumbani. Serikali ilianzisha UTT (Unit Trust of Tanzania), taasisi ya mifuko hii, 2003, Mfuko wa Umoja ukaanza kuuza vipande 2005, na 2013 ikazaliwa UTT AMIS, kampuni inayoisimamia mifuko hiyo. Miaka hiyo mteja ataisahau kabla hamjafika kituo cha basi. Anachotaka kujua ni fedha yake inalala wapi. Mwelezeni taratibu: meneja wa mfuko anaamua inunuliwe hisa gani au hatifungani ipi (yaani hati ya mkopo wa serikali au kampuni), lakini mali yenyewe inatunzwa na benki, na juu yao wote kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Thamani ya kipande inatangazwa, inaweza kupanda na inaweza kushuka. DECI haikuwa na kipande cha kushuka bei. Ilikuwa na ahadi tu, na ahadi zilitegemea mtu wa nyuma yako kuleta fedha.

Chapisheni bei za miaka mingi kwenye karatasi moja, na vipindi vilivyoshuka vipigwe mstari kwa kalamu nyekundu, muanze maelezo na hapo. Mteja akisema anakwenda kushauriana na mkewe au mumewe, mwacheni aende, msimkimbize na fomu. Na Kibaigwa msiende asubuhi malori yanapopakia. Hata salamu hamtajibiwa.