Mikono ya inchi 33 isikutishe, tazama miguu

Kaka, umeuliza kama yule kijana anayecheza pembeni kushoto, akimlinda kwotabeki (mrusha pasi wa timu), umshushe kwenye orodha yako ya drafti ya NFL, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya futiboli ya Marekani, kwa sababu mikono yake imepimwa inchi 33 tu. Mimi nisingemshusha, walau si kwa hilo peke yake.

Urefu wa mkono una maana yake: mwenye mkono mrefu ndiye anayewahi kumfikia mwenzake kifuani. Lakini Rashawn Slater, wa nafasi hiyohiyo, alipimwa inchi hizohizo 33, na timu ya Chargers ikamchukua wa 13 kwenye drafti ya mwaka 2021. Msimu wake wa kwanza tu akaitwa Pro Bowl, mchezo wa nyota wa ligi. Kilichombeba ni miguu.

Kwa hiyo rudi kwenye video. Achana na mpira, mkazie macho yeye tu kuanzia kiunoni kwenda chini. Anaporudi nyuma kumpokea mpinzani anayemkimbilia kwotabeki, miguu inapishana? Anakunja magoti, au anainamisha mgongo? Akisukumwa kifuani, anarudi hatua ngapi kabla ya kujizatiti? Mimi hurudia tukio moja mara tano, sita. Angalia hasa dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) ikiwa yadi zilizobaki ni nyingi, maana hapo kila mtu anajua pasi inakuja na hana pa kujificha.

Mbio za yadi 40 zisikusumbue. Zile 10 za mwanzo zinatosha. Akishindwa pembeni, mfikirie kama gadi, anayelinda karibu na katikati ya mstari. Huko ndani nafasi ni finyu, mkono mfupi haumgharimu sana.