Maswali ya Wasomaji: Taa ya Difu Inapopepesa Bila Kutulia

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, nina gari la fowili lenye loki ya umeme kwenye difu ya nyuma, na nalitumia zaidi katika njia za mawe na matope. Kwa miezi michache sasa, kila ninapobonyeza swichi ya kufunga difu, taa ya dashibodi huanza kuwaka na kuzima kama ilivyokuwa zamani, lakini haitulii tena. Inapepesa mpaka nizime swichi. Fundi aliyelitazama alisema mota ya kufungia imekufa, na akataka difu yote ifunguliwe. Hata hivyo, hivi karibuni nilikwama mtaroni gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, nikabonyeza swichi, na gari likatoka huku taa ikiendelea kupepesa. Je, difu inafunga au haifungi? Nianzie wapi kabla sijakubali ifunguliwe?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usikubali difu ifunguliwe kwa sasa. Kisa cha mtaroni ulichokieleza mwenyewe kina uzito kuliko taa, ingawa peke yake hakitoshi. Difu ni gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, na loki huyafunga magurudumu hayo yazunguke pamoja. Difu isiyofungwa huruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti, na ndiyo maana gurudumu lililo hewani huzunguka bure huku lililo ardhini likisimama. Gari lako lilitoka, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba difu ilifunga. Nasema uwezekano kwa sababu magari mengi ya siku hizi yana mfumo unaokamata breki ya gurudumu linalozunguka bure, na mfumo huo nao unaweza kulitoa gari mtaroni difu ikiwa wazi, yaani haijafungwa na loki.

Kwanza tuelewane juu ya taa yenyewe, kwani hapo ndipo mafundi wengi hupotea. Unapobonyeza swichi, kompyuta ya gari hupeleka umeme kwenye kifaa cha kufungia, na taa huanza kupepesa kukuambia kwamba amri imetolewa. Taa hutulia pale tu kihisi kilichopo kwenye ekseli, ambacho wengi hukiita sensa, kinaporudisha habari kwamba meno ya loki yamekwisha kuingiana. Katika Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 80 zenye loki za kiwandani, kazi ya kufunga hufanywa na mota ndogo ya umeme inayosukuma uma, yaani kipande kinachosogeza meno ya loki, ndani ya difu. Katika Jeep Wrangler Rubicon ya kizazi cha JK, iliyouzwa kama modeli za mwaka 2007 hadi 2018, hufanywa na koili ya sumaku. Mercedes-Benz G ya miaka mingi iliyopita ilitenganisha habari hizi mbili waziwazi kwa taa ya njano kwa amri na taa nyekundu kwa loki iliyofunga kweli, na mimi naona huo ndio mpango ulio bora kuliko yote, kwa sababu dereva hana haja ya kukisia. Katika gari lako taa moja inabeba habari zote mbili. Inapopepesa bila kutulia, ama loki haijafunga, ama imefunga na kihisi hakijasema, ama kihisi kimesema na habari ikapotelea njiani. Anayeweza kuamua kati ya hayo ni magurudumu, siyo taa.

Lakini kabla ya kupiga jeki, hakikisha kwamba unachokiona si tabia ya kawaida. Meno ya loki hayawezi kuingiana mpaka yakabiliane sawasawa, kwa hiyo gari likiwa limesimama kabisa taa inaweza kupepesa kwa muda mrefu bila ubovu wowote. Liendeshe polepole kwa mwendo wa mtu anayetembea, katika udongo laini, ukikata usukani kidogo kushoto na kulia ili magurudumu yapishane. Mara nyingi utausikia mgongano mdogo chini yako na taa itatulia. Angalia pia taa ya gia ya chini ya fowili, yaani 4L. Magari mengi hukataa kufunga difu mpaka kompyuta ipate uhakika kwamba gari limo katika 4L, na uhakika huo nao hutoka kwenye kihisi kingine kilichopo kwenye gia ya fowili. Nimekwisha kuona ekseli ikilaumiwa na kufunguliwa, kumbe kosa lilikuwa la kihisi hicho cha juu ambacho hakuna aliyekigusa.

Ikiwa hayo yote ni salama, sasa waulize magurudumu. Weka gari kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, zuia magurudumu ya mbele kwa kabari mbele na nyuma, kisha inua ekseli ya nyuma na uikalishe juu ya stendi mbili imara. Usitegemee jeki peke yake. Achia breki ya mkono, kwa kuwa katika magari mengi hukamata magurudumu ya nyuma na ingeharibu kipimo chote. Weka 4L, bonyeza swichi ya loki huku injini ikiwa imezimwa na swichi kuu ikiwa imewashwa, kisha zungusha gurudumu moja la nyuma kwa mkono. Kwa kuwa 4L imeiunganisha propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli) ya nyuma na ya mbele, na magurudumu ya mbele yamebanwa ardhini, propela shafti haiwezi kuzunguka. Hivyo difu ikiwa wazi, gurudumu unalolizungusha litakubali, na la upande wa pili litazunguka kinyume chake. Difu ikiwa imefunga, gurudumu litacheza kidogo tu, kiasi cha upana wa kidole au viwili kwenye ukingo wa tairi, kisha litakwama. Wakati meno hayajakabiliana, utalizungusha taratibu na ghafla utahisi limekamata mkononi. Ukilihisi hilo mara moja hutalisahau. Ikiwa mfumo wa gari lako hautoi umeme wa loki mpaka injini iwake, usifanye kipimo hiki juu ya stendi, kwa sababu ekseli iliyofungwa ikipata nguvu ya injini inaweza kulirusha gari chini. Katika hali hiyo tumia udongo wa changarawe: zungusha gari polepole katika duara dogo, kwanza loki ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Difu iliyofunga italifanya gari liwe zito, na gurudumu la ndani litakwaruza udongo na kuacha alama unayoweza kushuka kuitazama.

Tuseme gurudumu limekwama na taa bado inapepesa, jambo ambalo nalitarajia kwako. Sasa una hakika kwamba mota ni nzima na shida imo kati ya kihisi na dashibodi. Fuata waya kutoka kwenye kihisi hadi plagi yake ya kwanza, uifungue, na uichunguze kwa tochi. Kutu ya kijani kwenye pini, tone la maji, au oili iliyopenya ndani ya plagi inatosha kuikata habari. Kisha upapase waya wenyewe kwa vidole, hasa pale unapotoka kwenye ekseli kwenda kwenye mwili wa gari. Ekseli hupanda na kushuka kila siku huku mwili ukibaki juu, na waya hupindwa mahali palepale maelfu ya mara mpaka shaba ya ndani ikatike huku ngozi ya plastiki ikiendelea kuonekana nzima. Uvute taratibu kwa urefu wake: mahali palipokatika patanyooka kama mpira, ilhali palipo pazima hapatavutika.

Baada ya hapo chukua multimita. Kihisi chenye nyaya mbili kwa kawaida ni swichi ya kugusana tu, yenye kichomeo, yaani kipini kidogo, kinachosukumwa na uma wa loki. Ikiwa plagi imefunguliwa, pima omu (upinzani wa umeme) kati ya pini zake mbili, kwanza difu ikiwa wazi, kisha ikiwa imefunga. Usijisumbue sana kama kipimo kinaanza na sifuri au kinaanza na mkatiko, kwa kuwa watengenezaji wanatofautiana. Jambo la maana ni kwamba lazima kibadilike. Kisipobadilika wakati gurudumu linashuhudia kwamba loki imefunga, kihisi kimekufa au kichomeo chake kimeganda. Kikibadilika vizuri, kihisi hakina hatia na unapaswa kurudi kwenye waya. Kwa aina ambayo hugusanisha loki inapofunga, unaweza kuunganisha kwa muda nyaya mbili za upande wa gari kwa kipande kifupi cha waya huku swichi ya loki ikiwa imewashwa: taa ikitulia, njia yote hadi kwenye kompyuta ni nzima.

Kihisi chenye nyaya tatu ni kitu tofauti, na hapa naomba uwe mwangalifu. Hicho mara nyingi hufanya kazi kwa sumaku na kina umeme wake chenyewe, kwa hiyo hakipimwi kwa omu wala nyaya zake haziunganishwi ovyo. Kiache kwenye plagi yake, ingiza pini nyembamba kutoka nyuma ya plagi, na upime volti: kwanza waya wa umeme, kisha waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari), na mwisho waya wa habari, ambao volti yake inapaswa kuruka loki inapofunga na inapofunguka. Ukikosa umeme au ethi, usinunue kihisi kipya, maana nacho hakitafanya kazi.

Ukiamua kukichomoa, safisha kwanza matope yote yanayokizunguka, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikidondokea ndani ya difu itafanya madhara makubwa kuliko kihisi kibovu. Weka chombo chini, kwa kuwa oili inaweza kutoka kupitia tundu hilo. Utazame mwisho wa kihisi. Cha sumaku mara nyingi hutoka kimeota ndevu za vumbi la chuma, laini na za kijivu, na wakati mwingine kukifuta kwa kitambaa ndiyo tiba nzima. Vumbi laini ni la kawaida katika difu yoyote iliyofanya kazi. Ukikuta vipande vyenye ncha unavyoweza kuvishika kwa kucha, basi hapo fundi wako atakuwa na haki ya kufungua difu. Unaporudisha kihisi, tumia oringi au washa mpya na ukaze kwa kiasi, ongeza oili iliyopotea, kisha paka plagi grisi ya umeme.

Usiondoke chini ya gari kabla ya kutazama bomba la kupumulia la ekseli. Difu iliyopata moto ikiingia ghafla katika maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta. Bomba likiwa limeziba au mdomo wake ukiwa chini sana, ekseli hunyonya maji kupitia sili na tundu la kihisi, na kihisi kipya kitakufa kama cha kwanza. Lizibue, na kama ni fupi, lirefushe hadi juu ndani ya sehemu ya injini.

Najua wapo watakaokushauri uunganishe zile nyaya mbili moja kwa moja ili taa itulie na maisha yaendelee. Nakuomba usifanye hivyo. Katika magari mengi kompyuta huzima ABS (mfumo unaozuia breki zisikwamishe magurudumu) na mifumo ya kuzuia kuteleza inapoambiwa kwamba difu imefunga, kwa hiyo habari ya uongo inaweza kukuacha bila misaada hiyo siku utakayoihitaji, na tena hutajua kamwe kama loki imefunga au la.

SWALI: Langu ni kinyume. Nikishazima swichi, taa ya loki hubaki ikiwaka kwa dakika nzima, wakati mwingine zaidi. Je, nibadilishe kihisi?

JIBU: Bado. Meno ya loki yanapokuwa yamebeba nguvu, hukazana na hayaachiani hata kama amri imekwisha kutolewa. Nyoosha usukani, ondoa mguu kwenye mafuta, sogea mbele mita chache kisha urudi nyuma kidogo. Taa ikizima hapo, gari lako halina ubovu. Ikibaki, fanya kipimo cha stendi nilichokieleza hapo juu, lakini swichi ya loki ikiwa imezimwa. Gurudumu likizunguka huru, kihisi au waya wake umegandia kwenye habari ya kufunga. Likikwama, loki yenyewe haijaachia, na usiingie barabara ya lami mpaka itengenezwe, kwa sababu kwenye kona ekseli na usukani vitateseka na gari linaweza kukataa kugeuka.

SWALI: Niliweka loki ya kampuni ya ARB, inayofungwa kwa hewa ya kompresa. Taa ya swichi inawaka imara kabisa, lakini gurudumu moja linazunguka bure. Nimetafuta kihisi chini ya ekseli sikukiona. Kiko wapi?

JIBU: Hakipo. Katika ufungaji wa kawaida wa loki hizo, taa iliyo kwenye swichi inasema tu kwamba umeibonyeza, na haijui lolote kuhusu kinachotokea ndani ya difu. Kwa hiyo tafuta hewa. Acha kompresa ijaze hadi izime yenyewe, kisha washa loki na usikilize. Kompresa ikirudia kuwaka kila baada ya muda mfupi, hewa inatoroka. Paka povu la sabuni kwenye viungo vyote na kwenye bomba jembamba linaloshuka hadi ekseli, hasa pale linapopita karibu na ekzosi, ambapo joto hulitoboa. Usipoona povu likichemka popote, tazama bomba la kupumulia la difu: likitoa pumzi au oili kila unapowasha loki, oringi za ndani zimechoka na hewa inaingia kwenye difu badala ya kusukuma loki, na kazi hiyo ni ya kufungua ekseli.