Je, kulisha watoto wa mtaani kunahesabika kuwa zaka ya duka?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina duka mtaani. Watoto wa jirani wakitoka shule nawapa chakula, na wengine nawanunulia madaftari. Je, naweza kuyahesabu matumizi hayo kuwa zaka yangu? Na nikiweka bango lenye jina la duka, nitapoteza thawabu?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Mwenyezi Mungu akutakabalie. Suratul Insaan, aya ya 8 na ya 9, inawasifu wanaolisha maskini, yatima na mfungwa bila kutaka malipo wala shukrani.

Zaka, hata hivyo, ina hesabu yake. Mwaka wa Hijria ukitimia, thamini bidhaa zilizo rafuni na stoo kwa bei ya siku hiyo, ujumlishe na fedha taslimu na madeni unayotarajia kulipwa. Makabati na mizani havimo. Ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, toa asilimia 2.5, iende kwa mafungu manane ya watu wanaostahiki, wakiwemo maskini, yaliyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Tatizo lako liko hapo: watoto wanaopita dukani huwajui kwao wote. Mtoto ambaye baba yake ana uwezo na anamtunza si maskini, hata kama mfukoni hana kitu. Tena chakula ulichokwisha kutoa bila nia ya zaka hakigeuki zaka kwa kuandikwa daftarini mwisho wa mwaka. Hicho ni sadaka, na thawabu yake ipo palepale. Sadaka haibagui, hata mtoto asiye Mwislamu mpe.

Ukitaka zaka yenyewe iwafikie, tafuta walio maskini kweli, umkabidhi mzazi au mlezi fedha mkononi kwa niaba ya mtoto. Kwa Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, zaka ya biashara hutolewa kwa thamani, si kwa bidhaa. Wapo wanazuoni waliojuzisha bidhaa panapokuwa na maslahi, lakini mimi mlango huo siupanui, kwani wenye maduka (si wewe, inshallah) huupitishia vilivyokaribia kuharibika, na Suratul Baqara, aya ya 267, inakataza kukusudia kibaya katika kutoa.

Kuhusu bango, aya ya 271 ya sura hiyo hiyo inasema sadaka ya wazi ni njema na ya siri ni bora zaidi. Bango la kuwajulisha wenye haja saa na mahali halina ubaya. Lakini kumpiga picha mtoto ameshika sahani, nyuma yake jina la duka, uache. Kesho wenzake darasani wataiona, na aya ya 264 imetaja masimango na maudhi kuwa yanabatilisha sadaka.

Wallahu a'lam.