Maswali ya Wasomaji: Gitaa la Umeme la Kuunga Mwenyewe

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nimenunua shingo ya gitaa ya inchi 25.5, briji isiyo na mkono (chuma kinachobeba nyuzi kwenye bodi) na pikapu mbili (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi), kila kimoja kwa muuzaji wake. Bodi atanichongea seremala kwa mbao ya mninga. Ananiuliza matundu ya briji ayatoboe wapi. Nimjibu nini?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba. Mwambie asitoboe kitu mpaka shingo iwe imekaa mahali pake, kwa sababu kipimo cha briji kinatoka kwenye shingo, si kwenye ukingo wa bodi wala picha ya mtandaoni. Inchi 25.5 ni milimita 648, yaani urefu wa uzi kutoka kile kijiti cha kichwani hadi unapokalia briji. Freti (vile vijiti vya chuma vilivyopita shingoni) ya 12 iko nusu ya njia, milimita 324. Pima kwanza. Ukikuta 314, umeuziwa shingo fupi ya 628. Ni nzuri tu, ila hesabu zote zinabadilika.

Shingo nyingi zinazouzwa peke yake zinafuata vipimo vya kampuni ya magitaa ya Fender: kitako (mwisho wa shingo unaoingia kwenye bodi) chenye upana wa milimita 56, kishimo chake kwenye bodi chenye kina cha 16, bodi ya unene wa 44. Hata hivyo fundi apime kitako cha shingo yako mwenyewe, kisha achimbe kwa kubana. Shingo iingie kwa kusukumwa na kiganja, isicheze. Ikicheza, nyuzi zitakwenda upande, na ule mwembamba utakuwa unaponyoka pembeni mwa freti za juu.

Sasa bana shingo kwa klampu. Funga uzi wa kushonea kwenye mkato wa uzi mnene kichwani, uvute hadi kwenye briji. Fanya hivyo pia upande wa uzi mwembamba. Sogeza briji kushoto na kulia mpaka nyuzi hizo ziache nafasi sawa kwenye kingo zote mbili za freti ya mwisho. Kisha vile vijichuma vinavyobeba nyuzi visogeze mbele, kuelekea shingo, ubakize kama milimita 2 za kusogea mbele. Kijichuma cha uzi mwembamba ndicho kikae kwenye 648. Hapo weka alama, utoboe.

Kwa nini vijichuma viwe mbele? Ukibonyeza uzi kwenye freti unaukaza, na sauti inapanda kidogo. Dawa ni kuurefusha uzi, na ule mnene hutaka nyongeza ya milimita 3 hivi. Vijichuma vinahitaji nafasi ya kurudi nyuma. Vikikosa nafasi hiyo, gitaa litatuni vizuri nyuzi zikiwa wazi, halafu ukipanda juu kila kitu kinatoka nje ya tuni, na hakuna marekebisho isipokuwa kuziba matundu na kuanza upya.

Skrubu nne za shingo: kwenye bodi toboa kwa biti ya milimita 4.5 ili skrubu ipite bila kushika, kwenye shingo biti ya 3. Zungushia biti utepe kwenye milimita 17, maana kitako kina unene wa 25 tu na ukizidisha utatokea kwenye freti. Paka skrubu sabuni ya kipande. Mbao ya shingo ni ngumu, skrubu kavu hukatikia ndani.

Mninga ni chaguo zuri, hautanuki wala kusinyaa sana. Lakini mbao iliyonyeshewa na masika uwanjani iache kwanza ndani ya nyumba ikauke. Na fundi avae barakoa, vumbi lake linasumbua pua.

SWALI: Je, naweza kutengeneza bodi nzima ya mpingo?
Msomaji, Usa River

JIBU: Utaumia bega. Mpingo huzama majini. Bodi yake tupu itapita kilo 5. Utumie kwa ubao wa freti au kile kijiti cha kichwani, hapo hauna mpinzani.

SWALI: Gitaa nililounga linanguruma tukipiga kanisani. Nikigusa nyuzi, linatulia. Waya gani nimeukosea?
Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Pengine hakuna. Kutulia ukigusa ni dalili kwamba waya wa ethi wa briji umeshika. Mwili wako ndio uliokuwa unaleta mngurumo. Bandika karatasi ya shaba ndani ya vishimo vya pikapu na vya swichi, vipande vyote vigusane, kisha lehemu waya mmoja kutoka hapo hadi mgongoni mwa kitufe cha sauti. Kama mngurumo ungeongezeka ukigusa nyuzi, tungekwambia ukague jeki (tundu la kuchomeka waya wa gitaa), kwani mara nyingi waya mbili huwa zimebadilishana pale.

Tunakuomba sana ukague na amplifaya. Nyuzi zimeungwa na ethi yake. Kama plagi yake imekatwa mguu wa ethi, au inachomekwa kwa adapta ya miguu miwili, hitilafu moja ndani yake inaweza kuleta volti 230 kwenye vidole vyako huku mdomo uko kwenye maikrofoni. Rudisha plagi ya miguu mitatu, na fundi umeme apime ethi ya soketi za kanisa kabla ya ibada nyingine.